Nisipoanza kwa shukrani, Mungu hanisikii?

*"Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 32, naishi Makorora hapa Tanga, na kanisani kwetu nipo kwenye timu ya sifa. Mwezi wa tatu nilijifungua mtoto wa kiume wa miezi saba, akatoka ameshafariki. Alizikwa jioni ileile nikiwa bado wodini, na matanga hayakuwekwa. Haukupita muda nikarudi kuimba, maana niliambiwa nikikaa nyumbani nampa shetani nafasi. Tangu hapo naimba lakini moyo umekauka kama ubao. Kiongozi wetu anafundisha kuwa kumwendea Mungu kuna hatua: shukrani inafungua lango, sifa inakuingiza uani, kuabudu kunakufikisha patakatifu, ukiruka hatua, maombi yako hayapandi. Sasa anataka nisimame mbele ya kanisa nimshukuru Mungu kwa yaliyonipata, kwa kuwa imeandikwa tushukuru kwa kila jambo, na nitoe sadaka ya shukrani ili lango la uzazi lifunguke. Mama mkwe wangu ni Mlutheri, anasema kwao ibada inaanza na kuungama dhambi, basi hata sijui tunaanzia wapi. Mume wangu haongei. Usiku nikipiga magoti kinachotoka ni 'kwa nini' tu. Je, Mungu ananisikia? Na hivi ninavyoimba, si unafiki?"*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Nasema kufiwa, maana naona katika barua yako hakuna aliyekuambia hivyo. Kwetu huku mtoto akifa kabla ya kulia, wanaume wachache wanatoka na jembe, wanarudi, mama anaambiwa "utapata mwingine", na kufika Ijumaa mtaa umeshahamia kwenye habari nyingine. Wewe wakati huo maziwa yanajaa kifuani na hakuna wa kunyonya. Umefiwa na mtoto. Mengine yote nitakayokuandikia yaanzie hapo.

Swali lako kubwa nalijibu kwanza ili usisome kwa wasiwasi. Ndiyo, anakusikia. Hizo "kwa nini" za usiku ni maombi kamili, hazingoji wimbo wa kuzisindikiza.

Mafundisho ya hatua tatu nayafahamu, yameenea makanisa mengi, na aliyekufundisha huenda naye alifundishwa hivyo kwa nia njema. Yanatoka Zaburi ya 100, aya ya 4: "Ingieni malangoni mwake kwa kushukuru, nyuani mwake kwa kusifu, mshukuruni, lihimidini jina lake." Watu huichukua aya hii wakailaza juu ya ramani ya hema ya Musa: lango, ua, mahali patakatifu, patakatifu pa patakatifu. Kisha kila chumba kinapewa aina yake ya wimbo. Za haraka langoni, za kati uani, za polepole mwishoni taa zikipunguzwa. Kama mpangilio wa kipindi cha nyimbo sina neno nao. Watu wametoka sokoni, wametoka kugombana na watoto, wanahitaji muda wa kutulia. Shida inaanza mpangilio huo ukigeuzwa kuwa sheria ya mbinguni.

Isome aya yenyewe uone. Baada ya lango na ua haiendelei kwenda chumba cha tatu, inarudi palepale ilipoanzia: mshukuruni. Patakatifu pa patakatifu hapatajwi. Na huko, kwa sheria ya Musa, hakuna aliyeingia akiimba. Aliingia mtu mmoja, kuhani mkuu, siku moja kwa mwaka, na alichobeba ni damu na uvumba. Walawi 16 inaeleza yote. Mwimbaji hodari wa Israeli, awe wa ukoo wa Asafu mwenyewe, angeimba mpaka sauti ikauke na pazia lisingesogea hata kidogo.

Sasa, waliokuwa wakiingia malangoni na Zaburi ya 100 ni akina nani? Zaburi hiyo ina kichwa kinachosema ni ya kushukuru, na shukrani hekaluni ilikuwa na sadaka yake, imeandikwa Walawi 7. Mtu alileta mnyama pamoja na mikate, na nyama ile ilitakiwa iliwe siku hiyohiyo, isilale. Ng'ombe au kondoo mzima huwezi kummaliza peke yako kabla ya asubuhi, kwa hiyo ilibidi uite ndugu na majirani, mle, na usimulie Mungu alikutendea nini. Waliosimulia ni watu gani? Zaburi ya 107 inawapanga makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa gerezani, waliougua hadi kukaribia malango ya mauti, na mabaharia waliokumbwa na tufani hadi wakapepesuka kama walevi. Hawa wa mwisho, sisi tuliokulia karibu na bahari hatuhitaji kuelezwa.

Na hapo ndipo nataka utulie kidogo. Katika makundi yote manne zaburi inarudia neno lilelile, kwamba *wakamlilia BWANA katika dhiki zao*, naye akawaokoa. Mara nne. Kundi la kwanza lililia, la pili lililia, la tatu, la nne. Hakuna hata moja lililoanza kwa kushukuru. Kilio kilitoka jangwani, gerezani, kitandani na baharini, mbali kabisa na lango la hekalu, na kilisikiwa hukohuko. Shukrani ilikuja baadaye, walipofika nyumbani. Kwa hiyo anayekuambia kilio kisichotanguliwa na shukrani hakipandi, ameigeuza zaburi nyuma mbele.

Kwa Mkristo kuna jambo zito zaidi. Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Barua kwa Waebrania, sura ya 10, inalifafanua: tuna ujasiri wa kupaingia patakatifu "kwa damu ya Yesu, njia ile aliyotuanzia, iliyo mpya, iliyo hai, ipitayo katika pazia, yaani, mwili wake." Tazama kilichotajwa kuwa njia. Nyimbo zetu hazimo, wala hisia zetu, wala mfuatano wa kipindi. Barua hiyohiyo inataja sifa, ndiyo, katika sura ya 13, inaziita dhabihu, tunda la midomo. Lakini zinatolewa "kwa njia yake yeye", na watu ambao tayari wameshaingia.

Fikiri nyumba ya huku kwetu. Mgeni hupiga hodi mlangoni, anangoja aitikiwe karibu. Mtoto wa nyumba hapigi hodi. Anapita, na siku akirudi amejigonga goti anaingia mbio huku analia, hata salamu hatoi, na mama hamrudishi nje akaanze na shikamoo. Adabu ya salamu atafundishwa, na ni adabu nzuri, ila siku ile hajaulizwa.

Kuna aya nyingine ambayo nina hakika umeiimba: kwamba Mungu hukaa katika sifa za watu wake. Wengi hutumia aya hiyo kusema sifa zikipanda vya kutosha, uwepo wa Mungu unashuka. Ipo Zaburi ya 22, aya ya 3. Rudi aya mbili nyuma usome inavyoanza: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Maneno hayo Yesu aliyalia msalabani. Yaani aya tunayoipenda sana kwenye vipindi vya sifa imekaa katikati ya zaburi ya mtu anayeuliza swali lako la usiku. Anamwuliza Mungu mbona umeniacha, kisha katika pumzi ileile anamkumbusha kuwa Yeye ndiye anayeketi juu ya sifa za Israeli. Kwake mambo hayo mawili yalikaa kinywa kimoja, wala hakuona haja ya kumaliza moja ndipo aanze jingine.

Nije kwenye "shukuruni kwa kila jambo". Ni 1 Wathesalonike 5:18, ni neno la Mungu, nami silipunguzi hata chembe. Ila tumwangalie aliyeliandika alivyoliishi. Paulo alikuwa na rafiki aitwaye Epafrodito aliyeugua karibu ya kufa. Anawaandikia Wafilipi kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na akamhurumia yeye Paulo pia, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Angekufa, Paulo angeiita huzuni. Hasemi angesimama kushukuru kwa kifo cha rafiki. Na alipowaandikia Wakorintho, kifo alikiita adui, adui wa mwisho kubatilishwa. Adui hapewi asante.

Kisha nenda na Yesu mpaka Bethania, Yohana 11. Hapa nitakaa kidogo, maana sijaona mahali pengine panapojibu swali lako kwa karibu hivi. Anaelekea kaburini kwa Lazaro. Anajua atakachofanya dakika chache zijazo. Hata hivyo anafadhaika, na Yohana anaandika: "Yesu akalia machozi." Wanafika, wanaondoa jiwe. Ndipo anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Kaburini palepale, machozi hayajakauka, ameshukuru. Ameshukuru kwa nini? Kwa kusikiwa na Baba. Kwa kifo cha rafiki yake hakushukuru, alikililia. Ukiweza kufuata njia hiyo, umelitii agizo la Paulo lote. Unaweza kusema: Baba, nashukuru hujaniacha, nashukuru kwa mwanangu niliyembeba miezi saba akicheza tumboni, na kifo chake kinaniuma, sielewi. Hiyo ni shukrani halali. Kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto ni jambo moja, kumshukuru kwa kufa kwake ni jambo jingine, na hili la pili hakuna anayeruhusiwa kukudai.

Najua kwenye msiba watu husema "kazi ya Mungu haina makosa", Wakristo na Waislamu sawa, na jeneza likishushwa mtu husoma Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Wanaosema hivyo wanataka kukushika mkono, usiwachukie. Lakini Ayubu hakunyamaza baada ya sura ya kwanza. Sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo anahoji sura kwa sura. Marafiki zake ndio waliomhubiria kwa mpangilio mzuri, kila kitu na sababu yake. Mwisho wa kitabu, Mungu anawaambia marafiki wale kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Yule aliyehoji ndiye aliyesifiwa, na waliohubiri wakahitaji kuombewa naye.

Utauliza, je, si Waisraeli waliadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Waliadhibiwa. Tofauti ipo katika nani anaambiwa. Wao walikaa milangoni mwa hema zao wakilia nyama ya Misri na kusemana juu ya Mungu na Musa. Wewe unapiga magoti na kumwambia mwenyewe. Mtu aliyekata tamaa na Mungu haamki usiku kumwuliza kwa nini.

Baada ya kusema yote hayo, sitaki uondoke ukidhani shukrani na sifa ni mapambo. Zina kazi kubwa, ila kazi yenyewe inafanyika kwetu, mlango wa Mungu hauzihitaji. Shukrani hutunza kumbukumbu. Maumivu yana tabia ya kula kumbukumbu: mtu aliyeumia mwezi wa tatu anaweza kuona kama maisha yake yote yalikuwa mwezi wa tatu. Ndiyo maana Daudi anaiambia nafsi yake "wala usizisahau fadhili zake zote". Na Kumbukumbu la Torati 26, mkulima anayeleta kapu la malimbuko hasemi asante tupu, anasimulia: baba yangu alikuwa mtu wa kuhamahama, tukashuka Misri, tukatendwa vibaya, tukamlilia Bwana, akasikia, akatuleta hapa. Mateso yamo ndani ya shukrani, hayakufichwa ili ibada ipendeze. Kama umewahi kukaa Jumapili ya sikukuu ya mavuno kwa akina mama mkwe wako, umeona mnada wa nje ya kanisa: kapu la machungwa ya Muheza linanunuliwa, aliyenunua analirudisha mezani linauzwa tena, kuku anapiga kelele, watu wanacheka. Katika kelele ile wamo waliopoteza shamba zima kwa jua na wameleta mafungu mawili ya mihogo. Mafungu yao yanasema habari ndefu kuliko kapu la machungwa.

Sifa nayo inahamisha macho. Shukrani inatazama alichonitendea mimi, sifa inamtazama alivyo yeye, hata siku ambayo mimi sioni alichonitendea. Kwa mtu mwenye huzuni hilo linaweza kuwa pumziko, kwa muda, kutoka kujitazama mwenyewe. Kuabudu ni kuinama: kumwachia yeye uungu wake, pamoja na yale nisiyoyaelewa. Ayubu alianguka kifudifudi akaabudu akiwa na nguo alizozirarua. Hakuna chombo kilichopigwa siku ile. Kwa hiyo ukilala sakafuni usiku huna neno la kusema, ukasema tu "Baba", umeabudu.

Kuhusu mama mkwe wako: hamgombani. Kwao ungamo na msamaha huja mapema ili watu waimbe Utukufu wakiwa wameshasamehewa. Ni mantiki ya Isaya 6, ingawa Isaya mwenyewe alisikia maserafi wakisifu kwanza ndipo akasema "ole wangu". Zaburi ya 95 inaanza na shangwe na shukrani, inafika kwenye kupiga magoti, na inamalizia kwa kutuamuru tusikie sauti yake tusifanye mioyo migumu. Zaburi ya 51 inaanza na toba, ya 13 inaanza na "hata lini". Kanisa Katoliki, kwa upande wao, huacha kuimba Utukufu Jumapili zote za Kwaresima, na Aleluya hairudi mpaka mkesha wa Pasaka. Wala hawajioni wamefungiwa nje kwa wiki zote hizo. Utaratibu wa ibada ni busara ya wachungaji, kila kanisa na wake. Anzia pale ulipo kweli. Wewe uko kwenye zaburi ya 13.

Basi iombe hiyo. Ni fupi, aya sita. Mbili za mwanzo zinauliza "hata lini" mara nne, mbili zinaomba, mbili za mwisho zinategemea. Isome kwa sauti ya chini, na kila "hata lini" taja la kwako. Ukifika aya ya tano na kuona mdomo haukubali kusema kwamba moyo utaufurahia wokovu wake, ishia ya nne ulale. Kesho utaisoma tena. Ipo hata Zaburi ya 88 ambayo haifiki kwenye furaha kabisa, inaishia gizani, nayo imo kwenye kitabu kilekile cha nyimbo za hekalu.

Unafiki sasa. Mnafiki ni mtu anayetaka watu waamini kitu asichokiamini yeye. Wewe unaimba unachokiamini ila hukihisi. Hilo ni ukavu, na ukavu si dhambi. Ningesema uendelee tu kuimba kama ungekuwa kwenye viti pamoja na wengine. Lakini kusimama mbele na maiki mkononi ni kazi nyingine. Unalazimika kuonyesha uso wenye furaha ili watu waamke, na kila Jumapili unaulazimisha uso wako kukana moyo wako. Hicho ndicho kinachokuchosha. Ningekushauri uombe kupumzika kwa miezi kadhaa. Faida yake ni kwamba utakaa katikati ya watu na wao wataimba kwa niaba yako, kama yule mwenye kupooza wa Marko 2 aliyebebwa na wanne, Yesu akaiona imani yao. Hasara ipo pia, sikufichi: utakosa wenzako wa mazoezi, watu watauliza, na siku nyingine kuimba kwenyewe ndiko kulikuwa kunakutoa nyumbani. Kwa hiyo usipumzike kwa kujifungia. Acha maiki, usiache ibada wala jumuiya. Kuhama kanisa nisingekimbilia kwa sasa, mtu asikate mti akiwa bado na homa.

Ila kuna jambo moja ambalo nakuomba ulikatae waziwazi, nalo ni sadaka ya kufungua lango la uzazi. Sadaka ya shukrani katika Walawi ilikuwa chakula cha kusherehekea na majirani, na aliyeitoa alikuwa ameshaokolewa. Kutoa mapema ili Mungu alazimike kufanya kitu ni biashara, na mtoto wako hakufa kwa sababu bahasha ilikuwa nyepesi. Wala hakufa kwa dhambi yako. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu: si yeye wala wazazi wake.

Lango la uzazi tuliulize mahali pake. Mtoto kufia tumboni miezi ya mwisho huweza kutokana na presha ya mimba, malaria, kaswende, kisukari, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, au makundi ya damu ya wazazi kutolingana. Mara nyingine sababu haionekani. Mengi ya hayo hupimwa, na mengine hutibika. Kabla hamjafikiria mimba nyingine, nendeni wote wawili na kadi yako ya kliniki, hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe daktari awaeleze.

Na wewe mwenyewe ujichunguze. Huzuni ya kufiwa huja kama mawimbi, ina siku za kupumua. Lakini kama kwa zaidi ya wiki mbili hulali hata ukichoka, chakula hakishuki, hakuna kinachokugusa, unajilaumu mchana kutwa, usisubiri ipite yenyewe. Mwambie mhudumu wa afya kwa maneno hayohayo. Ukiwaza kwamba ni heri ufe, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza. Akina mama waliojifungua huweza kupata ugonjwa wa sonona, na mama ambaye mtoto wake hakuishi, yeye pia amejifungua. Ukiandikiwa dawa, meza. Akitokea wa kukuambia uziache ili uonyeshe imani, usimsikilize hata akiwa na kola shingoni.

Mchungaji wako mwombe jambo moja, na kama si yeye basi mwinjilisti au mzee unayemwamini: ibada fupi ya faraja nyumbani kwenu, watu wachache, Neno, maombi, wimbo mmoja mtakaouchagua nyinyi wenyewe. Matanga hayakuwekwa wakati ule, lakini kuomboleza hakuna tarehe ya mwisho. Mkiwa mlimpa mtoto jina, litajwe. Kama hamkumpa, mnaweza kumpa sasa. Mama mkwe mwite, huenda naye analia peke yake huko kwake.

Na mumeo. Umemwandika kwa maneno matatu, "mume wangu haongei". Wanaume wa kwetu siku kama ile hupewa jembe na sanda, baada ya hapo hakuna anayewauliza hali. Yeye ndiye aliyemwona mtoto akifukiwa wewe ukiwa wodini. Mwulize palikuwaje pale makaburini, nani alikuwepo, walimlaza vipi. Usimlazimishe ajibu siku ya kwanza.

Kwa kiongozi wa sifa nenda mapema wiki hii, usisubiri mazoezi ya Jumamosi mbele ya wenzako. Mwambie hivi: "Kaka, nimefiwa na mtoto, bado naomboleza. Naomba nikae kwenye viti kwa muda. Ushuhuda nitautoa siku nitakapokuwa nao, kwa sasa naomba mniombee." Akikubali, mshukuru. Akianza tena habari ya hatua tatu, mfungulie Zaburi ya 107 mwisome pamoja mpaka mabaharia wafike bandarini.